Chungu mlikiokota, udongo mkaumwaga

Wiki iliyopita jirani alikuwa anachimbisha shimo la choo ndani ya lupango yake, hapa Lubumbashi. Kufika mita moja hivi, vijana wakakuta chungu kilichovunjika, kimelala katika udongo mweusi wenye majivu. Nilipofika, chungu kilikuwa kimeshasuguliwa kwa sabuni na watu wanapiga picha. Udongo ulikuwa umebebwa kwa toroli na kumwagwa barabarani kuziba mashimo.

“Yaya, ule si uchafu tu?” kijana mmoja akaniuliza.

Iliniuma, na hadi leo inaniuma. Chungu kinakuambia watu walipika. Walichopika kimo katika ule udongo. Punje ikiungua jikoni bila kuwa majivu inageuka mkaa, na mkaa hauozi wala mdudu haugusi. Inangoja chini ya miguu yetu miaka elfu na zaidi. Kuitafuta ni kazi ya ndoo: unamimina udongo majini, unakoroga polepole, mchanga unazama, vipande vyeusi vinaelea. Unavichuja kwa kitambaa chepesi, unavianika kivulini, unaviweka chini ya darubini. Punje ya ulezi haifiki hata milimita mbili, lakini punje moja ya mtama inatosha kupimwa umri kwa kaboni.

Huko Kakapel, magharibi mwa Kenya, watafiti walichekecha udongo hivyo, na mwaka 2024 wakatangaza kunde zilizoungua zenye miaka kama 2,300. Kunde, hizi hizi za sokoni!

Sisi tunajivunia misalaba ya shaba ya Sanga, kule Upemba, iliyotoka katika makaburi ya kale ambayo watafiti wameyafukua tangu 1957. Sawa. Lakini wafua shaba wale walikula nini? Bukari (ugali) ya mahindi tunayoapa kuwa ni ya mababu imekuja juzi: mahindi na muhogo vilitoka Amerika, vikavuka bahari baada ya 1492. Kabla yake kulikuwa na masaka, yaani mtama, na ulezi. Bibi yangu alikuwa na kikapu kidogo cha ulezi, cha pombe tu, na hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa.

Kuna wanaosema asiyesomea asichimbe, kwa sababu tabaka zikichanganyika punje haisemi kitu tena. Haya, nakubali. Lakini shimo likishachimbwa? Jaza mfuko mmoja, andika kina na tarehe, upeleke chuo kikuu au makumbusho.

Jioni nilirudi barabarani na mfuko wangu. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki zimepita juu, na ule weusi ulikuwa umeshachanganyika na tope jekundu.