Koki ya Jikoni na Presha ya Maji: Kipi Kimfuate Mwenzake?

Koki mpya inapofungwa jikoni na maji yakatoka kwa unyonge, mwenye nyumba humlaumu fundi, na fundi huilaumu koki. Mara nyingi hakuna kati yao aliyekosea katika kazi yake: koki iliyobuniwa kwa maji yenye msukumo mkubwa imepelekwa kwenye nyumba yenye msukumo mdogo, na hilo halirekebishiki kwa spana. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaosema mtu achague koki inayolingana na presha aliyonayo, na wapo wanaosema presha irekebishwe kwanza ili mtu awe huru kununua koki aipendayo.

Hoja hizi hazipimiki bila hesabu kidogo. Presha ya maji hupimwa kwa bar, na maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 hutoa takriban bar 1. Tangi ambalo maji yake yako mita 2 juu ya koki hutoa takriban bar 0.2 tu, liwe la lita 500 au la lita 5,000, kwa sababu kinachozaa msukumo ni kimo wala si ujazo. Koki nyingi za kisasa zenye mkono mmoja hutengenezwa kwa matarajio ya bar 1 au zaidi, na kiwango cha maji kinachoandikwa kwenye boksi aghalabu kimepimwa kwa bar 3. Tena, mtiririko haupandi wala kushuka sawia na presha: ili maji yatoke maradufu, presha haina budi kuongezeka mara 4. Kwa kanuni hiyo, koki isiyo na kidhibiti cha mtiririko, inayotoa lita 12 kwa dakika kwa bar 3, itatoa lita 3 hivi kwa bar 0.2. Sufuria ya lita 6 iliyokuwa ikijaa kwa nusu dakika sasa itachukua dakika 2.

Wanaotaka koki ifuate presha wana ushahidi ulio wazi ndani ya koki zenyewe. Koki ya zamani ya kuzungusha hufungwa kwa raba ambayo, inapoinuliwa, huacha tundu pana, na maji hupita bila kubanwa sana. Koki ya robo mzunguko hutumia visahani viwili vya kauri vyenye matundu yanayopishana, na matundu hayo mara nyingi ni membamba zaidi, ingawa zipo zilizotengenezwa kwa njia pana. Koki ya mkono mmoja hupitisha maji kwenye katriji, yaani kifaa cha ndani kinachoyafungulia na kuyachanganya, na chini ya koki hiyo huwa na mipira miwili ya kuunganishia ambayo ni myembamba kuliko bomba lililo ukutani. Ikiwa ina mpira wa kuvutwa nje kwa ajili ya kusuuzia vyombo, kizuizi kingine kimeongezeka, na kichujio cha mdomoni kinachochanganya maji na hewa ni kingine tena. Kichujio hicho kinaweza kuondolewa, na wengi hufanya hivyo. Kwa presha ndogo kilikuwa hakivuti hewa ya maana hata hivyo.

Lakini koki ya raba nayo ina gharama yake. Raba huchakaa, koki huanza kudondosha, na mtu mwenye mikono iliyojaa unga au yenye maumivu ya viungo hapati raha ya kuizungusha mara kadhaa kila anapohitaji maji. Sifa yake ambayo haitajwi vya kutosha ni kwamba inavumilia maji yenye mchanga, yanayokwaruza visahani vya kauri, na matengenezo yake ni kubadilisha raba tu.

Upande wa pili unauliza kwa nini nyumba nzima iishi na udhaifu unaoweza kuondolewa. Hoja hii ina nguvu pale ambapo bafu, mashine ya kufulia na hita ya papo kwa papo navyo vinalalamika, kwani hapo pampu moja hutibu maradhi mengi. Hata hivyo, pampu hudai umeme, hupiga kelele, na huweza kufichua viungio dhaifu vya mabomba ya zamani. Ikifungwa moja kwa moja kwenye bomba linalotoka mtaani, huweza kuvuta maji machafu kupitia nyufa za bomba hilo. Mahali pake ni baada ya tangi. Kulipandisha tangi kwa mita 3 huongeza takriban bar 0.3 bila umeme wowote, lakini lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1, na uzito huo unahitaji nguzo za kuubeba.

Kwa maoni yangu, tatizo likiwa la jikoni peke yake, koki ndiyo inayopaswa kukubali hali ya maji. Kununua pampu kwa ajili ya sinki moja ni kuipa koki heshima isiyoistahili.

Kuna hali moja ambamo pande zote mbili hukosea. Kipimo cha presha kinaweza kuonyesha bar 2 koki zote zikiwa zimefungwa, kisha kikaporomoka mara tu moja inapofunguliwa. Hapo presha ipo. Kilichokosekana ni njia. Bomba limejaa kutu, au valvu iliyo chini ya sinki haikufunguliwa yote, na wala koki mpya wala pampu haitaleta nafuu ya kuridhisha kabla kizuizi hicho hakijaondolewa.

Presha ikizidi bar 5 mjadala huwa mfupi. Mkono wa koki ukifungwa ghafla, mabomba hupiga kishindo, na mipira na hita huumia pamoja nayo, hivyo valvu ya kupunguza presha hufungwa kwenye bomba linaloingia nyumbani.

Hali ngumu zaidi ni ya nyumba ambayo maji ya baridi hutoka mtaani kwa presha kubwa huku ya moto yakishuka kutoka kwenye tangi la darini. Katika koki ya kawaida inayochanganya maji ndani ya katriji, maji ya baridi huyazidi nguvu ya moto, na huweza hata kuyarudisha nyuma kwenye bomba lake. Valvu za kuzuia maji kurudi nyuma huondoa hatari hiyo, ingawa haziongezi nguvu ya maji ya moto. Pampu ikiwekwa upande wa baridi huzidisha tofauti iliyopo. Katika nyumba ya namna hiyo zimebaki njia mbili za kweli: kusawazisha presha ya pande zote mbili, au kununua koki yenye njia mbili ndani ya shingo yake, ambamo maji ya moto na ya baridi hukutana kwenye mdomo tu. Mwenye jiko ataosha vyombo kwa maji ambayo nusu yake ni ya moto na nusu ya baridi, lakini yatatoka yote.