Meza Iko Kariakoo, Kompyuta Iko Cape Town

Eti deskitopu ya wingu. Wingu gani jamani? Dar tunalijua wingu la Aprili, likishuka Jangwani hapapitiki. Hili la maofisini ni kompyuta ya kupanga. Yenyewe imelala kwenye jengo la watu Cape Town, wewe Kariakoo unaletewa picha yake tu. Ukibonyeza kitufe, taarifa inasafiri mpaka kule, inafanyiwa kazi, ndipo herufi inakuja kutokea kwenye skrini yako.

Na hapo shukuru, fundi alikuwa makini. Asiye makini huiacha Virginia, Marekani. Unaandika "Mheshimiwa", unanyanyuka kumimina chai, ndiyo kwanza "wa" inaingia. Bosi anakimbilia kununua kifurushi kikubwa. Haya, barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa ikawa njia nane, Kibaha imesogea? Mbps za kifurushi ni upana wa barabara, na ugonjwa hapa ni umbali. Pima muda wa taarifa kwenda na kurudi: ukipita milisekunde 100 vidole vinaanza kununa, ukifika 250 bora ukalale. Dawa ni kuihamishia mashine Afrika Kusini, kisha uchomeke waya badala ya kutegemea Wi-Fi inayopenya kuta tatu na friji la soda.

Sasa kodi. Amazon WorkSpaces, wapangishaji wa kompyuta hizi, wana bei ya mwezi mzima, na bei ya saa yenye ada ndogo ya mwezi juu yake. Mhasibu akisikia "ya saa" anachekelea, anaona amepata bajaji. Saa 8 kwa siku 22 ni saa 176, mzee! Chukua bei ya mwezi, toa ile ada ndogo, gawanya kwa bei ya saa. Jibu likiwa chini ya 176, unajiibia mwenyewe. Halafu mashine ya saa haijizimi kwa sababu umeangalia pembeni. Kwa kawaida inahesabu dakika 60 tangu ulipokata muunganisho. Ijumaa umeacha kompyuta inawaka na dirisha wazi, umekwenda zako Kigamboni. Bajaji iko mlangoni mpaka Jumatatu, injini inaunguruma.

Printa nayo kituko. Iko mita 1 kutoka gotini, ila ankara lazima itoke Cape Town ndipo ichapwe. Ukiichomeka wakati umeshaingia, mara nyingi haionekani. Kata muunganisho, ifanye printa kuu ya kompyuta yako, ingia upya.

Mafaili weka diski D ya mashine ya kule, usiweke C. Mashine ikigoma na fundi akaijenga upya, C inarudi kama ilivyozaliwa, programu ulizojiwekea kwaheri. D inarudishwa kutoka kwenye nakala inayopigwa kila baada ya saa 12, kwa hiyo jedwali ulilolihangaikia tangu asubuhi, saa nane mchana unaweza kulikuta kama lilivyokuwa jana.

Umeme ukikatika, hapo sibishi: kazi yako kule iko pale pale, na kaUPS, kabetri ka akiba, ka volti 12 kanatosha kuwasha rauta. Kasheshe ni waya wa baharini unaobeba intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za aina hiyo, EASSy na SEACOM, zilipokatika, kompyuta za Cape Town zilikuwa nzima kabisa, zinapigwa kiyoyozi, mafaili yote ndani. Wenyewe Kariakoo wanatazama kiduara kinazunguka.