Ekari ni kazi ya siku moja ya maksai

Tangazo la ploti nje ya Nairobi, iwe Juja au Kitengela, huwa na vipimo viwili vilivyoandikwa kana kwamba ni kitu kimoja: "50 kwa 100" na "moja kwa nane ya ekari". Havilingani. Ekari ina futi za mraba 43,560. Igawe kwa nane, unapata 5,445. Futi hamsini mara futi mia ni 5,000 tu. Ukimuuliza dalali zile 445 zimekwenda wapi, atakujibu kuwa zimeliwa na barabara, na mara nyingi anasema kweli. Ila kwenye tangazo hathubutu kuiandika hiyo kweli.

Lakini hiyo 43,560 yenyewe imetoka wapi? Namba mbaya namna hiyo haichaguliwi na mtu mwenye akili zake. Imetoka kwa ng'ombe.

Waingereza wa kale walikuwa na neno æcer, na halikuwa na kipimo chochote ndani yake. Lilikuwa shamba tu, ardhi iliyolimwa. Ndugu zake wapo hadi leo: Acker ya Wajerumani, ager ya Kilatini. Kadiri miaka ilivyopita likaja kumaanisha ardhi ambayo maksai wa nira moja wanaweza kuilima kwa siku. Na ardhi hiyo ilikuwa na umbo lake: ukanda mrefu mwembamba. Aliyewahi kushika plau anajua sababu. Kwenda mbele si kazi. Kazi ni kugeuka ukifika mwisho wa shamba, hasa plau likiwa zito na wanyama wengi wamefungwa mmoja nyuma ya mwingine. Kwa hiyo walilima mfuo mrefu kadiri ng'ombe walivyoweza kabla ya kupumzishwa. Urefu huo ndio falongi, neno ambalo kwa asili ni "urefu wa mfuo": yadi 220. Upana ukawa yadi 22. Zidisha uone: yadi za mraba 4,840, yaani zile zile futi 43,560.

Sheria ya Kiingereza ya zama za Mfalme Edward wa Kwanza iliyaweka hayo kwa fito: 40 kwenda mbele, 4 kwenda pembeni, kila ufito futi 16 na nusu. Watu hawakusikia. Ireland walitumia ufito wa yadi 7, ekari yao ikawa yadi za mraba 7,840. Cheshire, huko huko Uingereza, ufito ulikuwa wa yadi 8, ekari ikafika 10,240, zaidi ya mara mbili ya ile ya mfalme!

Falongi ilikuwa na nguvu hata ya kuivuta maili. Ile ya Warumi ilikuwa futi 5,000. Mwaka 1593 Bunge la Uingereza likaamua maili iwe falongi 8, na ndiyo maana leo ni futi 5,280. Kugusa falongi kungevuruga mipaka ya mashamba ya watu. Maili haikuwa na mwenyewe wa kulalamika. Kisha mwaka 1620 mwanahisabati Mwingereza Edmund Gunter akatengeneza mnyororo wa kupimia wa futi 66 wenye pete 100, na minyororo 10 ya mraba ikawa ekari moja. Mnyororo huo bado umelala katikati ya kila uwanja wa kriketi: yadi 22 kutoka wiketi hadi wiketi. Wale vijana wa Kenya waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 walikuwa wakikimbia upana wa ekari.

Mkulima wa pwani asingeshangaa kusikia ardhi ikipimwa kwa kazi. Ngwe nayo ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu akilime. Na Tanzania ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa yadi, umepata 4,900, karibu sawa kabisa na sheria. Ikiwa mita kamili, umemzidi mwenzako wa hatua ya yadi kwa zaidi ya mita za mraba 800. Mnunuzi na aje na binamu yake mrefu.

Kwa kilimo siipingi ekari. Magunia kwa ekari, mbolea kwa ekari, tunaelewana. Ninachopinga ni kuitumia kuuzia ploti za makazi, mahali ambapo futi 445 za mraba ni chumba, jiko na choo. Uingereza yenyewe iliiondoa kwenye usajili rasmi wa ardhi mwaka 2010. Hatimiliki ya Kenya huandikwa kwa hekta, basi anza kusoma hapo: 50 kwa 100 ni takriban 0.0465, na moja kwa nane kamili ni 0.0506. Dalali akisema tofauti hiyo ni ya barabara, mwambie akuonyeshe barabara hiyo kwenye ramani ya mpimaji kabla hujatoa hata shilingi.