Fryer alionya, Witte akahesabu: nani alimwelewa sangara?

Ukifika mwalo wa Kirumba hapa Mwanza jua halijawa kali, utawakuta akina mama wameinamia maturubai wakichambua dagaa. Mara mkono mmoja unachomoa kisamaki chenye milia, urefu wake kama kidole, na kukitupa pembeni. Nilipouliza ni samaki gani, mama mmoja alinijibu bila kuinua kichwa: "Furu tu huyo, baba."

Jina ni moja, lakini samaki ni wengi. Ziwa Victoria lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Wapo waliokula konokono, waliokwangua mwani kwenye mawe, waliokula magamba ya wenzao na hata waliopora watoto wa samaki wengine. Inakadiriwa aina 200 hivi zimetoweka, na lawama yote tumembebesha sangara, yule samaki mkubwa mla nyama aliyepandikizwa ziwani. Lakini sangara hakujileta. Kabla hajatapakaa ziwani, wataalamu walibishana juu yake, na ubishi ule shuleni hatukuusikia.

Mwaka 1960 Mwingereza Geoffrey Fryer, mtafiti katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki pale Jinja, aliandika makala kupinga mpango wa kumpandikiza sangara. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: samaki akiliwa na samaki mwingine, chakula kingi hupotea njiani, kwa hiyo mla nyama mkubwa hawezi kukupa uzito sawa na wale aliowala. Tena hatachagua furu peke yao. Na akishaingia, hakuna atakayemtoa.

Mwaka uliofuata mwenzake aitwaye Anderson, aliyeutetea mpango huo, alimjibu. Upande wake nao haukuwa wa wajinga. Ngege, samaki wa asili aliyependwa kuliko wote, alikuwa amepungua vibaya kwa nyavu za kisasa. Furu walikuwa tele, ila wadogo, wenye miiba na bei ya chini. Kwa nini wasigeuzwe kuwa samaki mkubwa mwenye soko? Wavuvi walihitaji kipato, na kusema "tusubiri" ni rahisi kwa mtu ambaye mtumbwi wake haurudi mtupu.

Kinachoniuma ni kwamba ubishi huo ulifanyika maji yakiwa yameshamwagika. Sangara walikuwa wameshatiwa ziwani upande wa Uganda tangu 1954, kimyakimya. Upandikizaji rasmi wa 1962 na 1963 ulikuja kuhalalisha jambo lililokwisha kutendeka. Hapo sayansi haikushindwa kwa hoja. Haikusubiriwa.

Je, Fryer alikuwa sahihi? Kuhusu furu, na kuhusu kutokuwapo njia ya kurudi nyuma, ndiyo. Kuhusu wingi wa samaki, hapana, na ni haki kulisema hilo. Uvuvi wa ziwa zima ulipanda kutoka tani 100,000 hivi kwa mwaka hadi kama 500,000 kufikia karibu 1990, ingawa sehemu ya ongezeko hilo ni dagaa. Viwanda vya minofu vilijengwa, vijana wakapata kazi, nyumba za bati zikaota visiwani. Nisingethubutu kumwambia mtu aliyesomeshwa kwa fedha za sangara kwamba ada yake ilikuwa kosa.

Lakini Anderson naye hesabu yake ina shimo. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa sangara, yakaenda Asia, na mezani kwetu yakabaki mapanki, yale mafupa yenye kichwa yanayokaangwa kwenye mafuta meusi. Furu ulimwanika juani, basi. Sangara ana mafuta mengi, anataka moshi au kikaango, na hivyo vyote vinataka kuni.

Kwangu, mchango mkubwa kuliko wa hao wawili ni wa waliokuja kuhesabu. Kuanzia 1977 Mholanzi Frans Witte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leiden, pamoja na Watanzania, walikokota nyavu katika Ghuba ya Mwanza mwaka baada ya mwaka, wakipima mataya na meno ya furu mmoja mmoja. Sangara alipofumuka hapa miaka ya 1980, walikuwa na daftari la kabla na la baada. Bila daftari hilo leo tungekuwa tunabishana kwa hadithi.

Na daftari lenyewe linapunguza hukumu ya sangara. Meli zilizovua furu kwa ajili ya unga wa samaki miaka ya 1970 zilishaanza kuwapunguza. Kisha mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo lililonishangaza: majike ya furu huchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka kwa mbolea, udongo na majitaka, rangi hazionekani, aina zinachanganyikana na kupotea bila kuliwa na yeyote. Mmoja wa furu wa miambani hapa petu, dume lake lina mgongo mwekundu, alipewa mwaka 1985 jina la Mwalimu: sasa anaitwa *Pundamilia nyererei*. Huyo anahitaji maji maangavu ili atambuliwe na jike wake.

Leo tunajaza ziwani vizimba vya kufugia sato, samaki ambaye naye ni mgeni wa miaka ya 1950 ingawa tunamwita wetu. Siwapingi wenye vizimba. Hoja ya kipato ni ileile ya Anderson na bado ina uzito. Ninachotaka kujua ni kama kwenye kila ghuba kuna mtu aliyepima hewa ya majini na kuhesabu samaki waliopo kabla kizimba cha kwanza hakijashushwa.

Yule furu wa pale Kirumba nilimwokota nikamtazama. Milia saba, jicho kubwa, taya limechongoka. Sikuweza kumjua ni wa aina gani.