Saini ya Mfanyakazi Haifuti Kima cha Chini

Katika mabishano ya mishahara hakuna hoja inayonikera kama hii: "Si alikubali mwenyewe?" Mwajiri amekamatwa akilipa chini ya kima kilichowekwa na sheria, na utetezi wake ni karatasi. Saini hii hapa, tarehe hii hapa. Nani alimshikia fimbo?

Kodi ya nyumba ilimshikia, na watoto, na msururu wa watu getini wanaoisubiri nafasi hiyohiyo. Sheria ya kima cha chini ilitungwa kwa kulijua hilo. Katika mikataba mingine watu wapatane watakavyo, lakini hapa sheria imeweka sakafu. Mkataba Namba 131 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unazitaka nchi zilizouridhia zivipe viwango vya chini nguvu ya sheria, visiruhusiwe kupunguzwa, na anayevikiuka aadhibiwe. Kwa hiyo mfanyakazi akikubali pungufu, kukubali kwake hakumwokoi bosi. Deni linabaki palepale.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Elsie Parrish alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli katika mji wa Wenatchee, jimbo la Washington nchini Marekani, miaka ya 1930. Sheria ya jimbo ilitaka mwanamke wa kazi ile alipwe dola 14.50 kwa wiki ya saa 48. Alikuwa akilipwa chini ya hapo, na akipokea. Kazi ilipokwisha akaenda mahakamani kudai tofauti yote, dola 216.19. Hoteli ikajitetea kwamba sheria yenyewe inapingana na katiba. Utetezi huo haukuwa wa kubahatisha, maana mwaka 1923 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeifuta sheria ya namna hiyo kwa kutetea uhuru wa watu kuingia mikataba. Mwaka 1937, kwa kura tano dhidi ya nne, mahakama hiyohiyo ikageuka na Parrish akashinda. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes aligusa jambo ambalo watetezi wa "alikubali mwenyewe" hulikwepa hadi leo: mshahara usiotosha kuishi hauishii kwa anayeulipwa. Pengo lake linazibwa na walipa kodi, ambao kumbe wanampa ruzuku mwajiri asiye na huruma.

Siku hizi wajanja hawaigusi ile tarakimu kubwa kwenye slipu ya mshahara. Wanachezea saa. Slipu imeandika saa nane kwa siku, na malipo yanalingana na sheria. Lakini mtu anatakiwa awahi kufungua na kupanga bidhaa, na jioni haruhusiwi kuondoka mpaka hesabu za kaunta zikae sawa. Kazi iliyolipiwa saa 8 ikichukua saa 10, kila saa imelipwa pungufu kwa asilimia 20, na hakuna mstari wowote kwenye ile slipu unaosema hivyo. Halafu yanakuja makato: sare, glasi iliyovunjika, mafunzo ya wiki ya kwanza ambayo hayakuombwa na mtu. Nchini Uingereza, gharama ya sare ikikatwa na mshahara ukashuka chini ya kima, mwajiri ameshavunja sheria, hata kama mfanyakazi aliridhia kwa maandishi. Ndivyo inavyopaswa kuwa kila mahali.

Najua jibu linalofuata: mkibana hivyo, ajira zitakufa. Ni hofu ya kusikilizwa, ila isigeuzwe msahafu. New Jersey ilipopandisha kima chake mwaka 1992 kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, wachumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya vyakula vya haraka ya jimbo hilo na ya upande wa pili wa mpaka, Pennsylvania, ambako kima hakikupanda. Hawakuona ajira zikipungua. Hiyo haina maana kwamba kima kinaweza kupandishwa bila kikomo, na sijamsikia mtu mwenye akili timamu akisema hivyo.

Kinachonisumbua zaidi ni suala la ushahidi. Mfanyakazi anadai alifanya saa 10, bosi anasema 8, na daftari la mahudhurio linakaa kabatini kwa bosi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1998 imelimaliza vizuri. Mfanyakazi akidai hakulipwa kima cha chini, anachukuliwa kuwa hakulipwa mpaka mwajiri athibitishe kwamba alimlipa. Anayetunza kumbukumbu ndiye azilete. Mwajiri mwaminifu hapotezi kitu hapo. Tena anapona kushindana na jirani anayeuza bei ya chini kwa kupunja watu wake.

Na adhabu iwe na makali. Kama aliyekamatwa anadaiwa tu kile alichopaswa kulipa tangu mwanzo, basi amejipatia mkopo usio na riba kutoka kwa mtu maskini kuliko yeye. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 1938 inamruhusu mfanyakazi kudai malimbikizo yake na kiasi kingine kama hicho juu yake.