Kufuli lililomfungia mkulima nje likamlinda tajiri ndani: Asil Nadir na Kupro ya Kaskazini

Tarehe 4 Mei 1993 ndege ndogo iliruka kutoka kiwanja cha nyasi cha Compton Abbas, kusini mwa Uingereza. Ndani yake alikuwamo Asil Nadir, mfanyabiashara aliyekuwa nje kwa dhamana ya pauni milioni 3.5 akisubiri kesi ya wizi na hesabu za uongo. Ndege ikamfikisha Ufaransa, akapanda nyingine, na muda si mrefu alikuwa nyumbani, Kupro ya Kaskazini, upande wa Waturuki wa kisiwa cha Kupro (Saiprasi), ambako polisi wa Uingereza wasingeweza kumgusa. Si kwamba ni mbali. Uingereza ina maeneo mawili ya kambi za kijeshi kwenye kisiwa hicho hicho. Lakini serikali ya kaskazini haitambuliwi na nchi yoyote isipokuwa Uturuki, na huwezi kutia saini mkataba wa kurudishiana watuhumiwa na serikali ambayo wewe mwenyewe unasema haipo.

Kisa hiki ni cha zamani, ila swali lake bado bichi. Uchumi wa eneo lenye mgogoro ukiyumba na matajiri wake wakiaibika, nani alaumiwe? Wapo wanaosema ni kutengwa: mfungie mtu milango yote halali, kisha usishangae akipitia dirishani. Wapo wanaosema kutengwa ni kisingizio tu, na kwamba wakubwa wa maeneo hayo wanaipenda giza kwa sababu wanajua kinachofanyika humo. Mimi naona kila upande umeshika ukweli fulani, ila zote mbili zinakwepa jambo moja nitakalolifikia.

Kwanza historia, kwa ufupi. Julai 1974 wanajeshi waliokuwa wakiungwa mkono na utawala wa kijeshi wa Ugiriki walimpindua Rais Makarios wa Kupro. Siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yakatua kaskazini, na yalipomaliza yalikuwa yameshika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Zaidi ya Wagiriki wa Kupro 160,000 walikimbilia kusini wakiacha nyumba na mashamba, na Waturuki wa Kupro kwa makumi ya maelfu wakahamia kaskazini. Mwaka 1983 kaskazini ikajitangaza jamhuri, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likasema tangazo hilo ni batili.

Sasa turudi kwa Nadir. Alizaliwa Lefke, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa kisiwa, akakua kibiashara London kwenye ushonaji wa nguo. Mwaka 1980 aliinunua kampuni ndogo iliyokuwa inachechemea, Polly Peck, akaitumia kuingia kwenye jambo lililoonekana dogo mno: maboksi. Pale bandari ya Famagusta alijenga kiwanda cha katoni za kufungashia machungwa. Hebu lifikirie hilo boksi. Kaskazini kulikuwa na machungwa na ndimu tele, hasa kwenye bonde la Morphou, lakini chungwa lisilofungashwa vizuri halifiki sokoni Uingereza likiwa na bei. Mwenye boksi ndiye mwenye chungwa. Baada ya boksi zikaja meli, hoteli, nguo, maji ya chupa, vifaa vya umeme vya Vestel huko Uturuki, na mwaka 1989 biashara ya matunda mabichi ya Del Monte kwa dola milioni 875. Mwaka huo huo Polly Peck iliingia kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London.

Kwa Waturuki wa Kupro huyu hakuwa bosi tu. Ukiitoa serikali, hakuna aliyeajiri watu wengi kumzidi, na gazeti la kila siku la Kıbrıs lilikuwa lake. Watetezi wake wana hoja ambayo siwezi kuipuuza: dunia nzima ilipowageuzia kisogo watu wale, kuna mwenzao mmoja aliyewaletea mishahara. Mzazi aliyesomesha watoto kwa ujira wa kiwanda cha boksi hatakuelewa ukimwambia ule ulikuwa utapeli. Ujira aliupokea mkononi, akanunua daftari.

Ila tazama pesa zilivyotembea. Tuseme umekopa faranga za Uswisi kwa riba ndogo, ukazigeuza kuwa lira za Uturuki, ukaziweka benki kwa riba kubwa sana. Mwaka unapoisha lira imeporomoka. Riba yote imemezwa na mtaji nao umemegwa. Mwenye duka yeyote wa Kariakoo au Gikomba atakwambia hapo umepata hasara. Polly Peck iliiandika riba kwenye faida, na hasara ya sarafu ikaipitisha pembeni, kwenye akiba ya mizania, mahali ambapo mwanahisa wa kawaida hatazami. Kanuni za uhasibu za Uingereza za wakati ule ziliruhusu hivyo. Zaidi ya hapo, fedha zilitoka London kwenda kwenye kampuni tanzu za kaskazini mwa Kupro, na kwenye vitabu zikahesabiwa kuwa zipo benki, huko huko. Nani aende kuzihesabu?

Septemba 1990 hisa zikasimamishwa, Oktoba kampuni ikawekwa chini ya wafilisi, ikiwa na madeni ya zaidi ya pauni bilioni moja. Wafilisi walihangaika kupata nyaraka na kushika mali zilizokuwa kaskazini. Nadir alirudi Uingereza mwenyewe mwaka 2010, na Agosti 2012 mahakama ikamkuta na hatia katika mashtaka 10 ya wizi wa karibu pauni milioni 29. Utetezi wake ulikuwa kwamba mama yake alikuwa akiweka fedha taslimu kule kisiwani kufidia zile zilizotoka London. Baraza la wazee wa mahakama halikumwamini, akahukumiwa miaka 10.

Nisiwaonee watu wa kaskazini, maana aibu hii ina makao makuu London. Wakaguzi wa hesabu walipitisha vitabu, mabenki yakakopesha, na chama tawala cha Conservative kikapokea kwake pauni 440,000. Michael Mates, waziri katika serikali hiyo, alijiuzulu mwaka 1993 kwa sababu ya kumsimamia Nadir na kumpa saa ya zawadi. Hao wote walikuwa kwenye nchi inayotambuliwa, yenye bendera na kiti cha kudumu Umoja wa Mataifa.

Miezi kumi na minne baada ya Nadir kutoroka, Julai 1994, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba nchi za Umoja wa Ulaya hazipaswi kukubali hati za asili ya bidhaa na za afya ya mimea zinazotolewa na mamlaka ya kaskazini. Walioshinda kesi walikuwa wauzaji wa machungwa wa kusini. Wana haki yao, na ni nzito: mabustani mengi ya Morphou yalipandwa na Wagiriki waliofukuzwa mwaka 1974. Ukiwa umelala ukimbizini huku mtu mwingine anauza matunda ya miti ya baba yako London, utafurahi siku hiyo. Lakini aliyepigwa na uamuzi ule si Nadir. Aliyepigwa ni mkulima mdogo na fundi cherehani wa kiwanda cha nguo. Kufuli lile lile lililozuia chungwa lisitoke ndilo lililozuia hati ya kumkamata tajiri isiingie.

Miaka sita baadaye zamu ikawa ya wawekaji akiba. Benki kadhaa za kaskazini, nyingi ndogo na zilizoshikwa na familia au makundi ya biashara, zilianguka, na Julai 2000 watu waliopoteza amana zao wakalivamia bunge huko Nicosia ya kaskazini. Wakati huo Nadir alikuwa bado yuko kaskazini, mtu huru. Kasino nazo zilikuwa zimeshamiri, baada ya Uturuki kuzipiga marufuku kwake mwaka 1998 na wenye nazo wakavuka bahari. Februari 2022 mmoja wa vigogo wa kasino, Halil Falyalı, aliuawa kwa risasi. Waendesha mashtaka wa Marekani walikuwa wakimtuhumu kutakatisha fedha. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Wanaolaumu kutengwa wataniambia: basi dawa ni kutambuliwa. Hapo ndipo sikubaliani. Kusini kunatambuliwa na wote isipokuwa Uturuki, kumo ndani ya Umoja wa Ulaya na kunatumia yuro. Machi 2013 benki zake mbili kubwa zilibomoka: Laiki ikafungwa, na katika Benki ya Kupro wenye amana zaidi ya yuro 100,000 walikatwa 47.5% ya ziada hiyo, wakapewa hisa. Biashara ya kuuza pasipoti kwa matajiri wa nje ilikwisha kwa fedheha Novemba 2020. Bendera haikuzuia lolote kati ya hayo. Ilichowapa watu wa kusini ni mahali pa kulilia: mkopo wa hadi yuro bilioni 10, mahakama, na wakaguzi wa kutoka nje walioingia kwa nguvu na kufunua vitabu. Mwaka 2000 watu wa kaskazini walikuwa na Ankara, yaani serikali ya Uturuki, peke yake, na Ankara iliwasaidia kwa masharti yake.

Kwetu sisi jambo hili halipo mbali. Vijana wengi wa Kiafrika, wakiwamo Wakenya na Wakongo, wanasoma kwenye vyuo vikuu vya kaskazini. Wakala anamuuzia mzazi jina la "Saiprasi" na picha ya Ulaya, kijana anashushwa uwanja wa ndege wa Ercan, huko kaskazini, kupitia Uturuki, na huko ndiko anakogundua kwamba karatasi zake hazimvushi kwenda kusini. Akiibiwa ada au akidhulumiwa ujira, hakuna ubalozi wa nchi yake wa kubisha hodi. Naye yuko nyuma ya kufuli lile lile.

Jambo linalokwepwa na pande zote ni ukaguzi. Kusini inaogopa kwamba ukituma mkaguzi umeitambua kaskazini. Kaskazini inasema haitakaguliwa na wasioitambua. Kati ya woga huo na kiburi hicho, vitabu vinabaki vimefungwa. Lakini njia imeshaonekana, tena kwenye jibini. Aprili 2021 Umoja wa Ulaya uliisajili halloumi, ambayo Waturuki huiita hellim, kuwa mali ya kisiwa kizima, na kampuni binafsi ya Bureau Veritas ikapewa kazi ya kukagua watengenezaji wa pande zote mbili. Hakuna aliyemtambua mwenzake. Utekelezaji unasuasua, ila kanuni ipo: maziwa ya kondoo wa kaskazini yanaweza kupimwa na mtu wa nje bila bendera yoyote kupandishwa wala kushushwa. Kama maziwa yanapimika hivyo, sioni kwa nini amana za benki, hesabu za kasino na ada za vyuo visipimike.

Aprili 2016 Nadir alihamishiwa Uturuki kumalizia kifungo chake. Aliachiwa baada ya siku moja.