Tiba ya boroni na nyutroni: fedha ziende kwenye dawa, si kwenye mashine

Kila mara BNCT, yaani tiba ya mionzi inayotumia boroni na nyutroni, inapozungumzwa, picha inayotangulia ni ya mashine ya kutoa nyutroni. Mashine ni kazi kubwa ya kihandisi, sikatai. Lakini kwa mgonjwa wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, mashine si tatizo tena. Tatizo ni dawa inayobeba boroni, nayo imebaki karibu ileile kwa miongo kadhaa.

Glioblastoma haina mpaka. Daktari mpasuaji akishaondoa donge analoliona, seli nyingine tayari zimejipenyeza kwenye ubongo ulio mzima, na mara nyingi ugonjwa hurudi ndani ya sentimita 2 kutoka pale ulipokuwa. Tiba ya kawaida ni Grei 60 (Grei ni kizio cha dozi ya mionzi) kwa awamu 30, pamoja na vidonge vya temozolomidi, dawa ya saratani. Utafiti wa mwaka 2005 uliouweka utaratibu huo ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa waliopewa vyote viwili waliishi zaidi ya miezi 14.6; kwa waliopewa mionzi peke yake, ilikuwa miezi 12.1. Huwezi kuongeza mionzi tu, kwa sababu ubongo wenyewe utaungua.

BNCT inataka kuilenga seli, si eneo. Mgonjwa hutundikiwa dripu ya BPA, amino asidi iliyounganishwa na boroni-10. Seli za saratani huvuta amino asidi kwa pupa kuliko jirani zao. Kisha kichwa hupigwa nyutroni. Boroni ikinasa nyutroni ya mwendo wa polepole, kiini chake hupasuka na kutoa chembe ya alfa na kiini cha lithi, na vyote viwili husafiri mikromita 5 hadi 9 tu. Hiyo haizidi upana wa seli moja.

Wazo hili lilitolewa mwaka 1936. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwenye maabara ya Brookhaven, Marekani, mwaka 1951, na matokeo yakawa mabaya: boroni ilijaa kwenye damu, hivyo mishipa na ngozi ya kichwa ndivyo vilivyoumia, na nyutroni za wakati ule zilikuwa dhaifu, hazikufika kina cha kutosha. Huko Japani, kuanzia 1968, daktari mpasuaji Hiroshi Hatanaka aliamua kufungua fuvu ili nyutroni zipite. Leo hatuhitaji kufanya hivyo. Nyutroni zenye nguvu kidogo zaidi hupungua kasi zikiwa ndani ya kichwa na kufikia kilele kwenye kina cha sentimita 2 hadi 3, ingawa uvimbe ulio kwenye kina kinachozidi sentimita 6 bado hupata kidogo mno. Vinu vya nyuklia, vilivyokuwa chanzo cha nyutroni, navyo vimepata mbadala: mashine za kuongeza kasi ya protoni zinazokaa hospitalini. Machi 2020 Japani iliidhinisha moja, lakini kwa saratani za kichwa na shingo. Si za ubongo.

Sasa tazama dawa. Kipimo kilichoidhinishwa huko ni miligramu 500 kwa kila kilo ya mwili: 200 kwa saa kwa saa 2 za kwanza, halafu 100 kwa saa wakati mionzi inaendelea. Mtu wa kilo 60 anaingiziwa hadi gramu 30. BPA haiyeyuki vizuri, hivyo inaweza kuganda kuwa fuwele kwenye mkojo na kuleta damu. Lazima mgonjwa apewe maji ya kutosha. Na shida yote hiyo ni ili tupate mikrogramu 20 au zaidi za boroni kwa kila gramu ya uvimbe, angalau mara tatu ya kiasi kilicho kwenye ubongo mzima.

Hata namba hiyo ni wastani tu. Seli zilizolala, zisizogawanyika, huvuta BPA kidogo. Chembe ya alfa haivuki kwenda kumsaidia jirani, hivyo seli isiyo na boroni inaponea hapo hapo, na inatosha kuurudisha ugonjwa. Wakati wa tiba tunachopima ni damu. Kiasi kilichomo kwenye uvimbe tunakikadiria kwa kuzidisha na uwiano uliopatikana siku za nyuma kwenye kipimo cha PET, yaani picha inayoonyesha dawa ilivyosambaa mwilini. PET inaona milimita; tiba inafanya kazi kwa mikromita. Pengo hilo linanisumbua kuliko jambo lolote lingine katika tiba hii.

Zipo pia Grei zinazoandikwa kwenye ripoti. Dozi ya boroni huzidishwa kwa 3.8 kwenye uvimbe na 1.3 kwenye ubongo mzima, namba zilizotokana na majaribio ya panya. Usizilinganishe na zile Grei 60.

Familia inayochangishana kumpeleka mgonjwa nje kwa tiba hii iulize kwanza: je, amefanyiwa PET ya BPA, na uwiano wa uvimbe kwa ubongo ni ngapi? Ukiwa chini ya 2.5, vituo kadhaa humkataa, na wana haki. Uvimbe uko kina gani? Amewahi kupata Grei ngapi? Na baada ya tiba, MRI ikionyesha uvimbe umekua ndani ya miezi michache, nani atatofautisha saratani iliyorudi na tishu iliyokufa kwa mionzi? Kwenye picha hufanana sana, na tiba zake ni mbili tofauti kabisa.